Kisanduku cha Mabanzi: Hidaya ya Mahaba kutoka Chini ya Meza ya Seremala

Katika karakana za maseremala wa mwambao wetu, tangu Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Unguja na Dar es Salaam, kila jioni, misumeno ikishanyamaza na mafundi wakishajipangusa vumbi, hubaki chini ya meza ya kazi chungu ya vipande vya mbao ambavyo havikupata nafasi katika mlango, wala kitanda, wala kabati la mteja: ncha za mninga zenye urefu wa shubiri moja au mbili, mabanzi ya mvule yaliyochongeka upande, pande la msaji lililopasuka mahali pa fundo, na pengine kijiti cha mpingo ambacho, lau kingekuwa kirefu kwa dhiraa moja zaidi, bei yake ingemtoa mnunuzi jasho. Vipande hivi havina soko. Mama anayekaanga mihogo kando ya njia huja na gunia akavichukua kwa bei ya kuni, na vile vidogo kabisa hufagiwa pamoja na maranda vikaenda kutandikwa katika banda la kuku. Makala hii yahusu kipande kimoja kilichookoka na moto huo, na mtu mmoja aliyeazimia kumpa mwandani wake zawadi ambayo hakuinunua.

Ada ya kupeana hidaya baina ya wapendanao ni kongwe katika nchi zetu, na ingawa siku hizi aghalabu huishia katika doti ya kanga, chupa ya manukato au simu mpya, zamani mti ulikuwa na sehemu yake, tena sehemu ya heshima. Mitalawanda, yaani viatu vya mti vyenye msuruaki wa kushikwa baina ya kidole gumba na cha pili, ilivaliwa na wanawake katika nyua na misala ya majumba ya mawe, na mlio wake juu ya sakafu ya chokaa ulimjulisha kila aliyemo nyumbani ni nani anayepita. Shanuo la mti lilichongwa kwa subira, meno yake yakifuata mkondo wa nyuzi za mti, kwani meno yaliyokatwa kinyume cha nyuzi hayamalizi kichwa kimoja kabla ya kuvunjika. Na juu ya vyote lilikuwapo kasha la njumu: makasha makubwa ya msaji yaliyopigwa misumari na mabamba ya shaba, ambayo mengi yaliletwa na vyombo vya msimu kutoka Bara Hindi, na ambamo bibi arusi aliweka nguo zake, dhahabu zake na siri zake, maana kasha la namna hiyo halikukosa saraka iliyofichwa chini ya saraka nyingine. Kisanduku nitakachokieleza ni mjukuu wa kasha hilo, na kama wajukuu wengi, amerithi sura bila kurithi mali.

Wala ada hii si yetu peke yetu. Huko Wales, nchi ya milima na mvua iliyo ubavuni mwa Uingereza, vijana wa mashamba walikuwa na desturi ya kumchongea msichana waliyemtaka kijiko cha mti, na katika makumbusho ya St Fagans, karibu na mji wa Cardiff, kimehifadhiwa kijiko kimoja chenye tarehe ya mwaka 1667. Kijiko chote, pamoja na mnyororo wake, huchongwa katika kipande kimoja cha mti, hata ukistaajabu jinsi pete za mnyororo zilivyoingiana pasipo kiungo, jawabu ni kwamba hazikuingiana abadani, bali zilifunguliwa pole pole kutoka ndani ya pande lilelile kwa ncha ya kisu. Na katika mpini, ndani ya kizimba kidogo cha mti, huweza kuwamo vigololi vinavyocheza visiweze kutoka, ambavyo husemwa kwamba hesabu yake ni hesabu ya watoto anaowatamani mchongaji. Ufundi huo nausifu. Walakini vijiko vya miaka ya baadaye vilipambwa kupita kiasi hata vikawa haviwezi kuchota mchuzi, vikaishia kutundikwa ukutani, na mimi kwa tabia yangu napendelea zawadi inayofanya kazi.

Watu wengi husema kwamba kitu kilichoundwa kwa mkono kina thamani kwa sababu ya taabu iliyotumika kukiunda. Sikubaliani nao sana. Mtu aweza kutaabika mwezi mzima, akajikata vidole na kuharibu mbao, kisha akaleta kitu kisichomfaa aliyeletewa, na taabu yake yote ikawa deni ambalo mpokeaji hakuliomba, lakini sasa analazimika kulilipa kwa kutabasamu. Thamani ya kitu hicho, kwa rai yangu, i mahali pengine. Mwenye kwenda dukani hulazimika kuujua mfuko wake. Mwenye kushika msumeno hulazimika kumjua mtu anayemkusudia, tena kumjua kwa sentimita, kwa sababu mti haukatwi kwa mapenzi, hukatwa kwa kipimo, na kipimo hakipatikani ila kwake yeye.

Haya niliyaona waziwazi siku moja katika karakana ambamo nilikuwa nimeketi kungojea kiti changu kilichokuwa kikitiwa mguu. Aliingia kijana mmoja nadhifu, mwenye haya kidogo, akamwamkia fundi.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Akaeleza kwamba ana mchumba, kwamba arusi ni Mfunguo Tatu, na kwamba anataka kumtengenezea kisanduku kwa mkono wake mwenyewe, ila haombi zaidi ya vipande vilivyotupwa na ruhusa ya kutumia vyombo baada ya saa za kazi. Fundi hakuonyesha mshangao. Alimtazama tu, akauliza, “Atatia nini humo?”

“Vitu vyake vya mapambo.”

“Vitu gani, mwanangu? Vipuli vyake ni vya kuning’inia au vya kubana? Bangili anavaa ngapi, na zina upana gani? Udi ataweka humohumo au mahali pengine?”

Kijana akawa bubu. Fundi akarudi katika kiti changu, akaupiga mguu wake nyundo mbili tatu, kisha akasema bila kuinua uso, “Nenda kaangalie kwanza, baba. Mbao haziendi popote.”

Nilikuja kusikia baadaye kilichotokea. Kijana hakuthubutu kumwuliza mchumba mwenyewe, maana siri ingevuja, basi akamwajiri shemeji yake mdogo, binti wa miaka kumi au zaidi kidogo, kwa ujira wa soda na ahadi ya soda nyingine, naye akaleta nyuzi za cherehani zilizopigwa mafundo: uzi wa bangili, uzi wa kipuli kirefu kuliko vyote, uzi wa kichupa cha mafuta ya asumini. Binti yule, ambaye ana akili ya kibiashara, aliongeza habari ambazo hakuulizwa, kwamba dada yake huvua vipuli usiku na kuviweka chini ya mto, kwamba kimoja kimeshapotea, na kwamba yeye ni mtu wa mkono wa kushoto. Habari hii ya mwisho ndiyo iliyobadili kisanduku chote, kwani kifuniko kilichokusudiwa kufunguka upande wa kulia kiligeuzwa, na vyumba vya ndani vikapangwa vile mkono wa kushoto unavyoingia.

Sasa tuje katika mti wenyewe. Kipande kilichotupwa hakikubali kila shauri la mtu. Kina urefu wake, ufa wake na fundo lake, na mwenye busara huanza kwa kukiuliza kinaweza kuwa nini kabla ya kukiambia kiwe nini. Mninga, kama ukibahatika kuupata, ndio mti wa kumfaa mwanafunzi: hukatika vizuri, hung’aa ukisuguliwa, rangi yake huanzia hudhurungi ya asali mpaka wekundu wa udongo, na ukishakauka ni nadra sana kupinda. Msaji nao ni mtulivu, una mafuta yake ya asili, na mdudu hauthubutu, lakini hayohayo mafuta hufanya gundi isishike sawasawa mpaka uso wake upanguswe kwanza kwa kitambaa chenye spiriti. Mvule ni mti wa fahari, walakini una hila: ndani yake mara nyingine hufichamana jiwe, jiwe la kweli la chokaa lililojijenga katika mti ungali hai, nayo patasi ikikutana nalo huvunjika ncha. Fauka ya hayo, vumbi la mvule huwasha ngozi na kuziba kifua cha baadhi ya watu, na la mpingo vivyo hivyo, basi mtu afunge pua kwa kitambaa asijifanye shujaa. Mwembe ni mti wa rahisi na una michirizi ya kupendeza, bali huliwa upesi na dumuzi usipotunzwa. Na mpingo, ambao ni mzito hata ukitupwa majini huzama, si mti wa kujengea kuta za kisanduku bali wa kupambia, kama tutakavyoona.

Iko hazina nyingine isiyopatikana katika karakana, nayo ni mbao za vyombo vya bahari vilivyostaafu. Matondoni katika kisiwa cha Lamu, na Nungwi upande wa kaskazini wa Unguja, ni mahali ambapo majahazi na mashua huundwa mpaka leo, na pale chombo kinapoundwa hapakosi chombo kingine kinachokufa: mbavu zimelegea, mataruma yameoza, mkuku umelala mchangani, na mbao zake za pembeni, zilizopakwa deheni ya chokaa na shahamu kizazi baada ya kizazi na kunyweshwa mafuta ya sifa, zinangoja jiko la kukaangia samaki. Wafanyabiashara wameshagundua mali hii, na katika miji yetu ya utalii meza na fremu za vioo zilizoundwa kwa mbao za majahazi huuzwa kwa bei ambayo nahodha wa jahazi hilo hakupata kuiona katika safari moja. Lakini kipande cha urefu wa dhiraa, chenye tundu la msumari, bado chaweza kupatikana kwa ahsante.

Tundu hilo lastahili kuangaliwa kwa karibu. Msumari wa chuma uliokaa ndani ya mti miaka mingi, huku maji ya chumvi yakipita, hauachi tundu tupu. Kutu yake huungana na asidi iliyomo katika mti, ikatia weusi wa wino unaoenea kuzunguka tundu, mzito katikati na hafifu pembezoni, na aghalabu umevutika kidogo kuelekea upande wa nyuzi za mti, hata ukawa na umbo la yai. Mtu asiyejua hulikata tundu hilo na kulitupa. Mimi ningelipanga liangukie katika kifuniko, si katikati kabisa, nikalijaza kijiti cha mpingo kilichokerezwa duara, nikakisawazisha kwa patasi. Hakuna duka linalouza pambo hilo.

Walakini mbao za jahazi zina masharti. Kwanza zimejaa chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa, hivyo kisanduku kilichojengwa nazo bila matayarisho hutokwa jasho wakati wa masika na kuzilisha bawaba kutu. Ziloweke katika maji matamu, uyabadilishe maji hayo mara kwa mara, kisha uzikaushe kivulini majuma kadhaa, zikiwa zimepangwa juu ya vijiti ili upepo upite chini na juu, wala usizianike juani kwa haraka, zitapasuka. Pili, zinaficha vipande vya misumari. Pitisha sumaku juu ya kila ubao kabla ya kupitisha msumeno. Tatu, rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Rangi ya namna hiyo usiisugue ikiwa kavu, bali iloweshe kwanza, na vumbi lake lisifike chakulani.

Kwa walio mbali na pwani, au walio karibu na bandari lakini hawana jahazi, kuna mbao za paleti, zile fremu zinazobebea mizigo ya meli, ambazo aghalabu ni za msonobari mweupe kutoka nchi za baridi. Ni mbao za kimaskini lakini zina adabu, zinakubali rangi, na zinafaa kwa kitako na vyumba vya ndani. Angalia tu muhuri wake. Sheria ya kimataifa ya afya ya mimea, iliyopitishwa mwaka 2002, inataka kila paleti inayovuka mipaka ipigwe chapa yenye alama ya shuke la ngano, herufi za nchi ilikotoka, na herufi za njia iliyotumiwa kuua wadudu: HT maana yake zilipashwa moto tu, nazo hazina madhara, MB maana yake zilifukizwa gesi ya methili bromaidi, nazo uziache hapo hapo ulipozikuta. Vivyo hivyo vipande vya nguzo za umeme, na mbao zenye rangi ya kijani zilizotiwa dawa ya aseniki ya kuzuia mchwa, si vya kuundia kitu kitakachoshikwa na mkono wa mpenzi kila siku, wala, kwa mnasaba huohuo, si vya kutia jikoni.

Nyuzi za shemeji mdogo zilitoa vipimo hivi: bangili zilale chali, zinataka upana wa sentimita 8, vipuli vya kuning’inia vinataka urefu wa sentimita 9, kichupa kinasimama kwa sentimita 6. Ukijumlisha na unene wa kuta, kisanduku kikawa na urefu wa sentimita 22, upana 14 na kina 8. Mbao za kuta zitoshe unene wa milimita 10 mpaka 12. Zikizidi hapo, kitu kidogo huwa kizito kama tofali, na zikipungua, pembe hazina mahali pa kushikana. Mzunguko wa kuta nne ni sentimita 72, na ukipata ubao mmoja wa kadiri hiyo, ukazikata kuta zake kwa mfuatano, mistari ya mti itazunguka kisanduku pembe tatu bila kukatika. Lakini katika chungu ya masalio ubao wa urefu huo ni bahati nadra, na kijana wetu hakuupata. Alichukua mninga kwa kuta ndefu na mvule kwa kuta fupi, akahakikisha kwamba zinazotazamana ni za mti mmoja, na tofauti ya rangi ambayo ingeonekana umaskini ikaonekana kuwa ilikusudiwa.

Pembe ndizo kazi. Njia iliyo rahisi kuliko zote kwa asiye fundi ni kukata kila ncha kwa nyuzi 45, kwa kutumia kiunzi cha kuongozea msumeno, na kuziunganisha kwa gundi ya mbao. Lakini kiungo cha namna hiyo, ncha kwa ncha, ni dhaifu, kwani ncha za mti hunywa gundi bila kuishika. Ndipo mpingo unapoingia. Gundi ikishakauka, pembe hupasuliwa kwa msumeno mwembamba, mpasuo mmoja juu na mmoja chini, ukipita kuta zote mbili mpaka karibu na upande wa ndani, kisha kibanzi cha mpingo kilichochongwa kwa unene ule ule wa mpasuo hutiwa gundi na kusukumwa humo, na asubuhi yake hukatwa na kusawazishwa kwa patasi. Kibanzi kikiwa kinene mno kitaipasua pembe, kikiwa chembamba mno kitaonyesha mwanya, na kipimo sahihi ni kile ambacho chaingia kwa kidole gumba pasipo nyundo. Matokeo yake ni michirizi miwili myeusi katika kila pembe, ambayo mtazamaji hudhani ni pambo, kumbe ndiyo inayoshikilia kisanduku chote.

Na kwa kuwa si kila mtu ana jiliwa za kubania, mafundi wetu wana dawa yao ya miaka mingi: mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa utepe mrefu, ukazungushwa mara nne tano kuzunguka kuta ukivutwa kwa nguvu, hubana kwa usawa pande zote kuliko chuma cha bei kubwa. Kabla gundi haijashika, pima kutoka pembe mpaka pembe kwa mshazari, mara mbili, kwa njia mbili. Vipimo vikilingana, pembe za kisanduku ni mraba. Visipolingana, kibonyeze upande uliozidi mpaka vilingane. Kitako, ambacho chaweza kuwa ubao mwembamba wa plaiwudi au wa paleti uliopigwa randa, kiwekwe ndani ya mfereji uliochimbwa katika kuta, kikae pasipo gundi, ili kiwe na nafasi ya kutanuka na kunywea.

Mti, hata uliokatwa zama za babu, haukomi kunywa na kutoa unyevu. Hutanuka na kunywea kwa upana, na kwa urefu karibu haubadiliki kabisa, na mtu anayelifahamu hilo ameshakwepa nusu ya masikitiko ya useremala. Kifuniko kilichokaa barabara katika joto kavu la kaskazi, mwezi wa Januari, kitang’ang’ania mwezi wa Aprili masika yakiwa yamekolea. Basi kikatwe kiache mwanya wa unene wa kadi ya posta kila upande wa upana wake, na bawaba ziwe za shaba, mbili ndogo, zikazwe kwa skrubu zilizotangulizwa tundu la keekee, kwa maana skrubu ndogo ya shaba ikilazimishwa katika mninga mkavu hukatika kichwa.

Baada ya hapo huja kishawishi cha nakshi. Milango ya Lamu na ya Mji Mkongwe imetuharibu macho, nayo haya mawaridi, minyororo, samaki na mitende iliyochongwa katika miimo na mifaa, ambayo watembeza wageni hueleza kila moja kwa maana yake kwa yakini ambayo wachongaji wenyewe huenda wangeistaajabia, humfanya kila mwanafunzi atamani kuijaza kila inchi ya kisanduku chake. Ushauri wangu ni kinyume. Kipande kidogo chenye mistari mizuri ya mti hakihitaji kusaidiwa, na waridi lililochongwa na mkono usiozoea huonekana kuwa jeraha. Atakaye pambo achonge mstari mmoja wa kina cha milimita moja kuzunguka ukingo wa kifuniko, autengeneze kwanza katika kipande kingine mpaka mkono utii. Na anayetaka kuchonga jina la mpenzi kwa hati za Kiarabu, jambo ambalo likifanywa vyema halina mshindani kwa uzuri, amwombe mjuzi wa hati amwandikie kwanza kwa kalamu na wino, kisha anakili kwa karatasi ya kaboni nukta kwa nukta, kwani nukta moja tu ya chini ikipandishwa juu, be hugeuka nuni, na mke wako akaitwa jina ambalo halimo katika ukoo wao wala wenu.

Kusugua ni kazi ndefu isiyo na hadithi. Wazee walitumia majani makavu ya mti wa msasa, ambayo yana makali ya ajabu, na ngozi ya taa au ya papa kwa mbao za vyombo; sisi tuna karatasi za msasa zenye namba, tuanze na 120, twende 180, tumalize na 240, tukifuata nyuzi za mti daima. Katikati, pangusa uso kwa kitambaa chenye maji kidogo, vinyweleo vya mti vitasimama, viache vikauke, uvisugue tena.

Juu ya kupaka, ninayo mawili ya kusema. Mwambao wetu ulipata kuzipaka mbao za dunia nzima: sandarusi iliyochimbwa ardhini katika bara inayoelekeana na Unguja, utomvu wa kale uliogeuka jiwe la rangi ya kaharabu, ilisafirishwa kwa shehena pamoja na pembe za ndovu, na vyombo vya Salem, huko Marekani, ambayo ilikwisha kufunga mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Unguja, mwaka 1833 na kuweka konseli wake Unguja mwaka 1837, viliichukua kwa wingi kwenda kutengenezea vanishi ya magari ya farasi na samani za matajiri. Leo sandarusi haionekani sokoni kwa urahisi, na kwa kisanduku kidogo mafuta ya kitani pamoja na nta ya nyuki yanatosha: paka mafuta kwa wembamba, ngoja robo saa, futa yaliyobaki, acha yakauke siku nzima au mbili, rudia, kisha malizia kwa nta na kitambaa cha pamba. Mafuta ya nazi, ambayo wengi huyakimbilia kwa sababu yako jikoni, hayakauki, nayo mwishowe huchacha. Na vile vitambaa vilivyonyonya mafuta ya kitani usivifinyange ukavitupa pembeni, kwa kuwa huweza kupata joto vyenyewe mpaka vikawaka moto. Vitandaze nje vikauke. Ndani ya kisanduku usipake kitu chochote. Harufu ya mafuta itagombana na udi, na udi ndio utakaoshinda katika mwaka wa pili, lakini mwaka wa kwanza mzima utakuwa umepotea.

Nimeandika kana kwamba wachongaji wote ni wanaume na wapokeaji wote ni wanawake, kwa sababu kisa nilichokishuhudia kilikuwa hivyo. Msumeno hauulizi. Mke aliyetaka kumwundia mumewe marfaa ya kuwekea msahafu, mbao mbili zilizoingiliana kwa mkato mmoja na kufunguka mfano wa mkasi, hakuhitaji zaidi ya vipande viwili vya mninga vya urefu wa nusu dhiraa, na hesabu yake ya kipimo ni ileile: msahafu wake ni mkubwa kiasi gani, na yeye akisoma huketi juu ya nini?

Kuhusu namna ya kutoa, wengi huiharibu zawadi kwa maelezo. Haifai kusimulia vidole vilivyokatwa, wala usiku uliokeshwa, wala bei ambayo kisanduku kingeuzwa dukani. Kifungwe katika kanga mpya au leso safi, kitolewe kitupu, kwani aliyepewa atajua mwenyewe nini kiingie wapi pindi atakapoona kwamba bangili zake zalala sawasawa. Na ikifika masika kifuniko kikagoma, usikichokoe kwa kisu, wala usikimbilie randa, maana utakachokipunguza Aprili utakililia Januari. Kiache mahali penye hewa siku mbili tatu, usugue kingo zake kwa kipande cha mshumaa, kisha ujaribu tena. Kama hata baada ya hapo bado kinabana, ndipo randa ipitishwe mara moja, kwa wembamba, tena upande wa nyuma, wa bawaba, ambao hauonekani.